Jogoo wa Mganga wa Pajulu

Abuku, Koboko
12 Februari 2024

Wifi yangu Harriet,

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Simu ya nyumba hii unaijua: ni moja, inalala chini ya mto wa Mama, na mtu yeyote akipigiwa Mama huifungulia sauti mpaka kuku wa jirani wajue habari zetu. Haya ya leo sitaki ayasikie. Kwa kuwa mama yako hasomi, na Yasiri wa teksi hupita hapa kila siku akienda Arua, nimempa yeye karatasi hii aifikishe mlangoni pako Onduparaka.

Ni Romano. Juzi ametimiza miezi miwili, na tangu wiki iliyopita anatapika. Si yale maziwa ya kucheua baada ya kunyonya, hayo ningeyafuta nikaendelea na kazi. Anatapika kijani, kijani cha majani ya kunde yaliyopondwa. Tumbo linakaza, analia amekunja magoti, kisha linaachia na analala utadhani hakuna kilichotokea. Jana mara mbili, leo mara moja.

Mama anasema ni chango. Amemwita mzee Afedra aje Ijumaa amchanje chale tumboni. Nilipotaja hospitali aliacha kupepeta ufuta, akanitazama, akasema, "Hakuna kisu itaingia kwa tumbo ya mtoto katika hii boma. Nimesema, nimemaliza." Nikampata Pitia kwa simu huko Somalia, naye akasema nimsikilize mama yake. Kaka yako ni askari hodari mbele ya bunduki, lakini mbele ya yule mama hana hata jiwe la kurusha.

Wewe ni nesi wa chumba cha upasuaji. Niambie kama rangi ile ina maana.

Wifi yako,
Kevina


Arua
13 Februari 2024

Mama Romano,

Rangi ile ina maana. Usingoje Ijumaa, wala usingoje barua nyingine.

Wako watoto ambao utumbo wao haukukaa mahali pake walipokuwa tumboni mwa mama. Haukushikwa vizuri kwa nyuma, unaning'inia, na siku yoyote unaweza kujisokota. Ukijisokota, damu haipiti. Wa Romano nadhani unajisokota na kujiachia. Siku moja hautajiachia.

Fanya hivi. Kesho asubuhi mwambie Mama kwamba mama yako wa Pajulu anaumwa na anamtaka mjukuu. Mwambie pia kwamba huko Pajulu kuna mganga wa chale anayesifiwa kuliko mzee Afedra. Hapo hatakuzuia. Uongo huu ni wangu, mimi ndiye nitakayeubeba.

Na usimchukie Mama. Kabla yangu alizaliwa ndugu yangu Aliga. Tulipokuwa wakimbizi ng'ambo huko Sudan, alipasuliwa tumbo, akafa siku ya nne na kidonda kikiwa wazi kutoka kifuani mpaka kinenani. Mama alimwosha mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nikashika beseni. Ndiyo maana katika nyumba ile neno kisu halitajwi isipokuwa kwa mboga.

Tuna daktari mpya, Wahabu, mtu wa Iganga. Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu, lakini mkono wake nimeuona kazini. Nitakaa nawe nikutafsirie. Panda gari la Yasiri, nitakuwa langoni pa hospitali.

Harriet


Abuku
5 Machi 2024

Wifi,

Tumefika salama kutoka hospitalini, na uongo wetu umefika nasi salama.

Mama alimpokea Romano mlangoni akamvua nguo zote kabla hata hajanisalimia. Akamgeuza kwenye mwanga. Unayajua makovu yenyewe: moja kushoto, moja kulia, moja ndani ya kitovu, kila moja kama punje ya mtama. Nikasema, "Mganga wa Pajulu huchanja chache tu, Mama." Akapitisha kidole gumba juu yake polepole, moja baada ya jingine. Akasema, "Huyo mganga, mkono yake iko mwepesi." Basi. Akarudi kwenye ufuta wake, na mimi nikaenda jikoni kupumua.

Mtoto ni mzima. Ananyonya, analala, ameanza kunicheka. Nikimtazama najisemea kwamba uongo uliozaa kicheko hiki si dhambi kubwa. Kisha Mama anaingia na hofu inarudi.

Nilikumbuka ile siku ya benchi, daktari anaongea nawe unanitafsiria. Yeye aliongea muda mrefu, wewe ukasema maneno machache sana, nikafikiri Kiingereza ni lugha ya kupoteza maneno. Lakini ulinichagulia vizuri. Matundu matatu tu! Angekatwa kovu refu, leo ningelificha wapi?

Sasa sikia balaa. Jana Mama amekamata jogoo, si jogoo yeyote, ni yule mwekundu mwenye shingo tupu anayeamsha Abuku nzima. Akaniwekea mapajani. "Hii ni ya mganga. Mutu akiponyesha mtoto wako, lazima umshukuru. Yasiri apeleke. Na mganga akiipata, anitumie maneno." Nimemfunga miguu na kumpakia pamoja na barua hii. Mganga wa Pajulu sasa ni wewe. Cheka ukitaka, mimi nimejaribu nimeshindwa.

Kevina


Arua
9 Machi 2024

Mama Romano,

Jogoo amefika. Nimemfunga kwenye mguu wa meza barazani, na jana, timu ya hapa mtaani ilipofungwa bao, aliwika palepale. Vijana wakataka kumchinja kwa uhaini. Nimewakatalia. Mimi mwenyewe siwezi kumla.

Mwambie Mama mganga ameshukuru sana.

Lingine ni hili. Romano akitapika kijani tena, hata mara moja, hata kidogo, usingoje mtu. Njoo. Usiulize kwa nini.

Harriet


Abuku
24 Machi 2024

Wifi,

Umesema nisiulize kwa nini, basi nauliza. Kama utumbo ulipangwa upya, kijani itoke wapi tena? Yasiri nawe mmekuwa wimbo mmoja. Kila akisimamisha gari ananiletea salamu zako: "Harriet anauliza, rangi iko sawa?" Sasa hata yeye anadhani napaka nyumba.

Nilipompa Mama shukrani za mganga aliniuliza, "Ndiyo maneno yote?" Nikasema ndiyo yote, Mama. Akaitikia kwa kichwa.

Anampenda huyu mtoto mpaka naona haya. Humwogesha mwenyewe, anamwimbia nyimbo za kambi ya jeshi za marehemu baba yako, mguu kushoto, mguu kulia. Akimfuta humgusa tumbo akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kisha ananitazama. Nadhani anamchezesha tu. Lakini mimi huwa natazama chini.

Harriet, nataka kumwambia. Ninapokwenda shamba au sokoni Koboko humwachia mtoto, naye hajui amebeba nini. Akitapika, Mama atamwita mzee Afedra. Nipe ruhusa. Ni mama yako, siwezi kumwambia kabla yako.

Kevina


Arua
30 Machi 2024

Mama Romano,

Usimwambie. Mambo ya kijani madaktari huyasema kwa kila mtoto, ni desturi yao. Likizo yangu ni mwezi wa tano. Nitakuja na jogoo mkononi, nitakaa chini mbele ya Mama, nitasema yote mwenyewe. Niachie hilo. Nimemjua miaka arobaini na mitano, najua pa kumshikia.

Pasaka njema.

Harriet


Arua
20 Mei 2024

Mama Romano,

Likizo imesogezwa, manesi wawili wameondoka na zamu hazitoshi. Mwezi wa sita bila kukosa. Rangi iko sawa?

Harriet


Arua, hospitalini
19 Juni 2024

Kevina,

Wewe uko wodini, mimi niko chumba cha kubadilishia nguo, ukuta ni mmoja, na bado nakuandikia. Mdomo umekataa. Nitaiweka karatasi hii chini ya kikombe chako utakapokwenda kufua.

Kwanza Romano. Yu hai, na kila saa anazidi kuwa hai. Safari hii Daktari Wahabu alimfungua kwa mkato wa upana wa tumbo. Utumbo ulikuwa umejisokota mara mbili na sehemu kubwa ilikuwa nyeusi. Aliikata akaunganisha iliyobaki. Anasema iliyobaki inatosha kuishi, lakini mtoto atakula kidogo kidogo, ataharisha mara nyingi, atakua polepole, na ya mbele tutayajua tukiyafikia. Mimi ndiye niliyempa vyombo. Kuhesabu vitambaa ni kazi yangu ya miaka kumi na tisa, na juzi nilikosea mara mbili, mpaka mwenzangu akanishika mkono akahesabu yeye.

Sasa lile nililolificha.

Mwezi wa pili pale kwenye benchi uliniuliza, anasema nini? Alisema hivi. Njia ni mbili na kazi ya ndani ni ileile: kuunyoosha utumbo, kukata nyuzi zinazoubana, kuulaza upya mahali penye nafasi. Kinachotofautiana ni mlango wa kuingilia. Kwa matundu matatu na kamera, mtoto haumii sana na hupona haraka. Kwa kufungua tumbo, huumia zaidi na hukaa wodini muda mrefu. Lakini tumbo lililofunguliwa hufanya makovu ndani pia, na makovu hayo ndiyo hunasa utumbo ukakaa pale ulipolazwa. Kwa matundu madogo makovu ya ndani ni machache, na utumbo unaweza kujisokota tena. Si kwa wengi, alisema, ni kwa wachache. Ila kwa mtoto mdogo hivi, anayeishi mbali na hospitali, yeye mwenyewe angependelea kufungua. Kisha akasema: mweleze mama yake, achague yeye.

Nami nikakuambia, "Daktari anasema matundu matatu, kovu litafanana na chale tu." Nikamgeukia daktari nikamwambia umechagua. Ukatia saini.

Sikusahau. Nilipunguza kwa makusudi. Nililiona kovu refu, nikamwona Mama amelishika, nikaliona lile beseni. Siku ile nilimwogopa mama yangu kuliko nilivyompenda mwanao. Nimejaribu kulisema hili kwa namna nzuri zaidi, sijaipata.

Na kila nilipoandika "usiulize kwa nini," ningeweza kuandika kwa nini. Kalamu ilikuwa ileile.

Harriet


Arua, wodini
22 Juni 2024

Harriet,

Nimeisoma. Nimeisoma mara nne, na sikuruka neno, maana hayo ya kuruka nimekuachia wewe.

Unangoja nikuambie ningechagua nini. Sijui. Hilo ndilo uliloniibia: sitajua kamwe. Labda ningesema afunguliwe. Labda ningesema matundu, kwa woga uleule wako, kwa sababu uliposema litafanana na chale nilifurahi. Nilifurahi, Harriet. Mwanangu anatapika nyongo na mimi nafurahia kovu la kudanganyia mkwe. Kwa hiyo siwezi kukuhukumu wewe peke yako, na hilo linaniudhi zaidi.

Acha nikuambie siku yenyewe ilivyokwenda, maana hukuniuliza, na nadhani unaogopa. Mama yangu wa Pajulu aliugua kweli mwezi huu. Uongo wetu uligeuka ukweli, na Jumapili tukamzika. Mama yako alisema mtoto mchanga hapelekwi kwenye maiti, akasema niende nimzike mzazi wangu kwa utulivu, yeye atakaa na Romano. Nikaacha uji na maziwa. Nikapanda gari alfajiri nikimshukuru Mungu kwa mkwe mwema. Baada ya mazishi mvua ilifunga barabara, nikalala Pajulu, nikarudi Jumatatu mchana.

Nilimkuta Mama amekaa uani, Romano kifuani, kitenge chake chote kimelowa kijani. Tumbo la mtoto gumu, macho yameingia ndani, halii tena. Nikamnyakua bila salamu. Mama hakuniuliza nampeleka wapi. Alisimama tu, mikono yake bado imekaa ya kubebea.

Tangu hapo sioni kingine nikifumba macho. Mama wa watu aliachiwa mtoto bila kujua mtoto ana nini. Angejua, angekimbia naye mpaka Koboko kwa miguu. Sisi wawili tulimfunga macho halafu tukamkabidhi roho ya mtu. Nikifika Abuku nitamwambia kila kitu, na ruhusa yako sihitaji tena.

Ukitaka kumwona Romano, njoo ninapokuwa nimekwenda kufua.

Kevina


Abuku
28 Julai 2024

Harriet mtoto yangu,

Mimi Paska iko nasema, Kevina iko naandika. Nimemwambia asipunguze neno na asiongeze neno. Hata nikikosa, aandike vile nimekosa.

Kevina alirudi hapa na mtoto, akapiga magoti, akaniambia yote. Ya benchi, ya daktari, ya mganga, yote. Alilia sana. Akasema, Mama utusamehe, wewe ulikuwa hujui. Nilimwacha alie siku ya kwanza, nikamwacha siku ya pili, wiki ikaisha, mimi iko kimya tu. Watu wakasema huyu mama iko na hasira. Haikuwa hasira. Leo tumetoka kanisani, nikamwambia Kevina leta karatasi.

Mimi nilijua.

Ile siku Kevina alitoka "Pajulu," nilijua. Chale mimi najua. Nilichanja Pitia kwa mkono yangu, nilichanja wewe, angalia tumbo yako. Chale iko ya msitari, mbili mbili, na masizi inabaki ndani, inakuwa nyeusi. Hii ya Romano ilikuwa nyeupe. Na moja ilikuwa ndani ya kitovu. Mganga gani anakata ndani ya kitovu? Hata mulevi hawezi. Nikasema kwa roho yangu, hii ni kazi ya Harriet. Hawa watoto wananiona mimi mujinga.

Nilikasirika. Lakini mtoto alikuwa analala vizuri, hatapiki. Hasira na furaha ikakaa pamoja kwa kifua moja. Ndiyo nikatuma jogoo. Wewe unaijua ile jogoo, uliilisha kwa mkono Krismasi. Nilisema, Harriet akiiona atapata haya, atakuja, atasema, Mama tulikosa, na mimi nitamkaripia kidogo halafu tutakula. Jogoo ikaenda. Maneno ikarudi: mganga ameshukuru. Hapo nililia. Kevina hakuona, nilikuwa napepeta ile ufuta yangu.

Nikaanza kungoja. Nilikuwa nahesabu ile alama mbele ya Kevina, moja, mbili, tatu, nikimpa njia ya kusema. Yeye anatazama chini. Kevina alisema mwezi ya tano utakuja, hukuja. Kila siku kile kitu ndani yangu ikawa ngumu zaidi.

Sasa andika hii, Kevina.

Ile Jumapili ya maziko, Romano alitapika asubuhi, jua ikiwa juu ya paa ya jiko. Kijani. Mimi nilijua ile si chango. Sikumwita mzee Afedra. Nilijua madaktari waliingia ndani ya hii tumbo, na kazi yao imefunguka. Simu ilikuwa kwa mkono yangu. Namba yako iko ya kwanza, Pitia aliiweka, ni kufinya moja tu. Nikasema hapana. Kevina atarudi leo, atamwona mtoto, na atalazimika kuniambia kwa mdomo yake. Mimi nataka kusikia. Mimi ni mama ya hii nyumba.

Jioni Kevina hakurudi. Mtoto akatapika tena. Nikafinya simu, jina yako ikatokea, nikazima kabla haijalia. Nikamwimbia. Asubuhi tumbo ilikuwa ngumu. Nikasema, sasa hata nikipiga wataniuliza ulikuwa wapi tangu jana. Haya ikaongeza haya. Nikakaa uani nikangoja. Mtoto ya watu iko nakufa kwa kifua yangu, na mimi iko nangoja heshima.

Hapa Kevina ameweka kalamu chini, ametoka. Nimemngoja. Sasa amerudi, anaandika.

Miaka yote nilisema kisu iliua Aliga. Labda ni kweli, labda tulimfikisha kwa daktari amechelewa, sisi tulikuwa tunakimbia, mimi sijui tena. Lakini ile utumbo ya Romano iliyotupwa, haikukatwa na kisu ya daktari. Ilikatwa hapa uani, na mimi, kwa siku moja na nusu, bila kisu. Wewe ulipunguza maneno. Mimi nilinyima maneno yote. Mtoto yangu, mimi nimekosa kuliko ninyi.

Sasa kovu yake iko ndefu. Namwogesha mchana mbele ya watu. Mutu akiuliza, naeleza, hata ya simu naeleza. Wengine wameacha kuniletea watoto wao niwashike. Iko sawa.

Ile jogoo, bado iko? Kama hujachinja, usichinje. Kuja nayo wewe mwenyewe, usimpe Yasiri. Mwambie mganga ya Pajulu ya kwamba mama yake iko namngoja, na safari hii mama yake ndiyo ataanza kusema.

Paska
(ameweka dole gumba)


Wifi,

Sikupunguza neno. Pale kwenye simu nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko, nikamchukia, nikarudi. Wewe nilishakuchukia mwezi wa sita, zamu yako imepita. Mimi mwenyewe zamu yangu haijaisha, na yake ndiyo kwanza imeanza. Tulipomaliza aliniuliza kama nimeandika ile ya kuzima simu. Nikasema nimeandika. Akaniambia nimsomee. Nikamsomea mara mbili.

Simu siku hizi hailali chini ya mto. Imetundikwa kwenye msumari mlangoni, kila mtu aifikie.

Leo asubuhi, kabla ya kanisa, Romano alitapika. Mama alinipigia kelele nikaja mbio na unga mikononi. Tukatoka nje na kitambaa alichotapikia, tukakikunjua juani, yeye ameshika ncha mbili na mimi mbili. Kilikuwa cheupe. Yalikuwa maziwa tu. Hakuna kati yetu aliyeachia, tukaendelea kukitazama.

Njoo.

Kevina